Mtaro Usiopeleka Maji Popote



Nimeombwa niseme machache juu ya maji ya mvua na bustani za chakula zilizo karibu na nyumba zetu. Maneno yangu yawahusu hasa wenyeji wa Voi, Mwatate na tambarare zilizo chini ya milima ya Taita. Wale wakaao juu, upande wa Wundanyi, nawaomba wavumilie kidogo. Ninalo neno la tahadhari kwa ajili yao pia.

Kila mtu wa Voi hulia kwamba mvua ni haba. Ni kweli. Mji huo hupata kiasi cha milimita 550 hivi kwa mwaka, nazo zimegawanyika katika misimu miwili, masika na vuli. Tena haijasahauliwa jinsi misimu mitano ilivyoharibika mfululizo katika sehemu nyingi za nchi, tangu mwisho wa 2020 hata mwisho wa 2022. Walakini mara ngapi tumeona mvua kubwa ya saa moja, maji mekundu yakipita mbele ya mlango na kushuka kuelekea mto Voi, na kesho yake mtu akipiga jembe bustanini akuta udongo mkavu chini ya kina cha kiganja? Udongo wetu mwekundu, usipofunikwa na majani, hupigwa na matone ya mvua hata uso wake ukaganda kama sakafu. Maji hayaingii, hukimbia. Basi shida yetu ni mbili: mvua ni chache, na hata hiyo chache twaiacha iende zake.

Natupige hesabu. Milimita moja ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kiwanja chenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 10, kikinyeshewa milimita 30, kimepokea lita 6,000. Tuseme ni theluthi moja tu ikimbiayo: hizo ni lita 2,000, yaani madebe 100 ya lita 20. Wanaonunua maji kwa mtungi wakati wa kiangazi hawahitaji kuambiwa thamani yake. Huko Taveta watu wana chemchemi ya Njoro Kubwa ya kunyweshea migomba yao. Mtu wa Voi chemchemi yake ni kiwanja chake mwenyewe.

Dawa ni mtaro, lakini neno hili huwapotosha watu. Mtaro wa barabara huchimbwa ili maji yaondoke. Huu ninaousema ni kinyume chake kabisa: hukata mteremko kwa kuukingama, nao huwa sawasawa toka mwanzo hata mwisho, ili maji yakiingia yasiwe na pa kwenda illa chini, kwenye mizizi. Ukiwa na urefu wa mita 20, upana wa nusu mita na kina cha sentimita 30, utachukua lita 3,000. Zile lita 2,000 zaingia zote, na nafasi yabaki. Udongo uliochimbwa hutupwa upande wa chini na kufanywa tuta. Namna hii huitwa fanya chini. Udongo ukitupwa upande wa juu huitwa fanya juu, kazi iliyoenea sana Ukambani tangu miaka ya 1950, hata vitabu vya kilimo vya Kiingereza vyaandika maneno haya haya ya Kiswahili. Kwa bustani ya nyumbani mimi napendelea fanya chini, kwa kuwa kutupa udongo chini hakuchoshi sana.

Usawa haupimwi kwa jicho. Jicho hudanganya, hasa palipo na mteremko mdogo. Twaa fito mbili zilizo sawa, za mita mbili kila moja, uzifunge pamoja juu na kuzitanua chini. Katikati ufunge ufito wa kuzishika. Toka juu uning'inize kamba yenye jiwe. Simamisha chombo hiki juu ya vigingi viwili, utie alama pale kamba inapogusa ufito wa katikati. Kisha kigeuze, mguu wa kulia uende kwenye kigingi cha kushoto, utie alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Baada ya hapo tembea nacho hatua kwa hatua kukata mteremko, ukipiga kigingi kila mguu mmoja unapopatana na mwenzake. Mstari utakaopatikana hautanyoka, nao usilazimishwe kunyoka.

Najua wako wazee wakisikia habari ya mitaro hukunja uso, wala hawana kosa. Zamani za ukoloni watu wa wilaya nyingi walichimbishwa makingamaji kwa amri, na huko Murang'a mwaka 1947 wananchi waligoma kazi hiyo. Mtaro wa amri haukuwa mali ya mwenye shamba, basi nani angeutunza? Huu wa bustani hauna mnyapara. Mwenye nyumba hupima mwenyewe, na mchicha ukiota ni wake.

Juu ya tuta pandeni kunde, mbaazi au mboga. Mihogo siishauri hapo, kwa kuwa siku ya kuing'oa mwabomoa tuta lote. Mpapai au mgomba hukaa vema ukingoni, karibu na maji. Ardhi iliyobaki ifunikwe kwa majani makavu. Tena mwachie mtaro mlango mahali pamoja, chini kidogo ya kimo cha tuta, uliotandazwa mawe, ili mvua kubwa kama zile za mwisho wa 2023 zipate njia pasipo kubomoa kazi yenu.

Msichimbe karibu na ukuta wa nyumba wala choo. Maji yakikaa zaidi ya siku tatu, udongo wa hapo hauyanywi. Fukieni, mjaribu mahali pengine, kwani mbu hatafuti zaidi ya hayo. Na ninyi wa milimani: penye mteremko mkali sana maji yaliyozuiwa huweza kuulegeza udongo hata ukaporomoka. Huko yafaa ngazi za kilimo, na yafaa kumwita bwana shamba kabla ya kupiga jembe la kwanza.

Kazi ya kuchimba ifanywe Septemba au mapema Oktoba, kabla ya vuli. Mvua ya kwanza ikinyesha, tokeni na jembe mkatazame. Pale maji yanapokusanyika upande mmoja ndipo mlipochimba kwa kina kupita kiasi, na kurekebisha udongo ungali laini ni kazi ya dakika chache.