Namna Kamera ya Ulinzi Inavyotambua Mwendo



Mwenye duka afungapo kamera juu ya mlango wake hudhani amepata mlinzi asiyesinzia. Ni kweli kamera haisinzii. Lakini haimjui mwizi, wala haijui kuwa mtu ni mtu. Ijuacho ni mwanga tu. Ndiyo maana king'ora chake huweza kulia usiku kucha kwa sababu ya ukungu. Majirani wakishatoka na marungu na tochi mara tatu nne bila kumkuta yeyote, hujifunika blanketi. Siku mwizi ajapo kweli, king'ora hulia bila mtu wa kukiitikia.

Utendaji wa kifaa hiki si fumbo. Picha ya kamera imefanyika kwa nukta zilizopangwa kwa safu. Ile yenye nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo ina zaidi ya nukta milioni 2. Mwanga wa kila nukta huandikwa kwa tarakimu, kwa kawaida kuanzia 0, yaani giza totoro, hadi 255, yaani weupe kamili. Picha kadhaa hupigwa kila sekunde, na kila mpya hulinganishwa na kumbukumbu ya mandhari iliyotulia. Palipokuwa 60 pakawa 62, hapahesabiwi. Palipokuwa 60 pakawa 140, huwekwa alama. Kisha programu hutazama kama nukta zenye alama zimeshikamana, zimefanya umbo kubwa la kutosha, na zimedumu katika picha kadhaa mfululizo. Yote yakitimia, king'ora hulia. Kumbukumbu nayo husahihishwa polepole, ili jua linapopanda lisidhaniwe kuwa mvamizi.

Milima ya Usambara huutia mpango huu majaribuni. Jani la mgomba linalopepea karibu na kamera hubadilisha nukta nyingi kuliko mtu apitaye mbali langoni. Usiku, taa za infraredi zilizozunguka lenzi humulika matone ya ukungu, nayo hurudisha mwanga kama ukuta mweupe unaotembea. Buibui naye hupenda kutanda papo hapo. Uzi mmoja ukitikisika mbele ya lenzi huonekana mnene kama kamba.

Wengi hukimbilia kupunguza wepesi wa kamera kuhisi. Ni dawa mbaya ikitumiwa peke yake, kwani mwenye koti la kijivu katika ukungu wa kijivu hutofautiana kidogo mno na mandhari, na ndiye wa kwanza kupotea. Heri kuuhamisha mlingoti mbali na migomba, kuiweka taa kando ya kamera badala ya kuizunguka, kufuta lenzi kila juma, na kuchora ndani ya picha eneo la kuchunguzwa: mlango na dirisha, si anga wala mikaratusi. Kitambuzi cha joto kikiongezwa, king'ora kinaweza kuamriwa kisilie mpaka vyote viwili vikubaliane. Kamera za kutegwa msituni hutumia joto hilohilo, na ndizo zilizonasa mwaka 2005, katika milima ya Udzungwa, sange ambaye sayansi haikuwa imemjua. Mbuzi na mbwa, hata hivyo, wana joto pia.

Jambo moja husahaulika. Eneo lisilochunguzwa bado hurekodiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu taarifa za mtu anayeweza kutambulika, na sura yake ni mojawapo. Kamera inayotazama ua wa jirani huhitaji kugeuzwa, au sehemu hiyo ya picha kuzibwa kabisa kwa programu.

Majaribio hufanywa usiku wa ukungu, si mchana mbele ya fundi. Mmoja atembee polepole kutoka langoni hadi mlangoni, mwingine atazame skrini na kuandika ni hatua ya ngapi king'ora kililia. Kisha kiachwe usiku mzima bila mtu kupita, na asubuhi zihesabiwe mara kilipolia bure.