SABA SABA: TAREHE YA WANANCHI

Hotuba iliyotolewa mbele ya waumini na wanaharakati, Mtito Andei, katika mkesha wa tarehe 7 Julai

Kamati ya haki na amani imetuomba tuseme machache kuhusu siku ya kesho. Twajua kwamba wengi wenu mmekuja mkiwa na swali moja moyoni: kesho tufanye nini? Swali hilo tutalifikia. Kwanza inatubidi tuifahamu siku yenyewe.

Katika magazeti huwa kuna safu ndogo inayoeleza mambo yaliyotukia siku kama ya leo. Mfalme fulani alizaliwa, vita fulani vilikwisha, mwimbaji fulani anatimiza miaka kadhaa. Msomaji hupitisha macho, kisha akafungua ukurasa wa michezo. Lakini kwetu Ukambani siku ya kuzaliwa haikuwa jambo la kupitisha macho. Mtoto alipewa jina la wakati wake. Aliyezaliwa asubuhi ni Kioko, wa usiku ni Mutuku, wa mvua ni Wambua au Mumbua. Aliyezaliwa safarini ni Kyalo, na aliyezaliwa wakati wa vita ni Makau. Wazee wetu hawakuandika kalenda, bali waliiweka kalenda ndani ya watu. Kila alipoitwa mtu, siku ile ilikumbukwa.

Basi tarehe 7 Julai nayo ina watoto wake. Tutawataja kwa mpangilio wa miaka.

Mtoto wa kwanza alizaliwa kwa jirani zetu. Tarehe 7 Julai 1954, mjini Dar es Salaam, waasisi 17 walikigeuza chama cha TAA kuwa TANU, na Julius Nyerere akawa rais wake. Miaka saba baadaye, tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipata uhuru. Ndiyo maana Watanzania waliijua Saba Saba kabla yetu sisi, na hadi leo maonyesho makubwa ya biashara ya Dar es Salaam yanaitwa kwa jina hilo. Ni tarehe ambayo hata asiyejua kusoma huishika: mwezi wa saba, siku ya saba.

Lakini tuseme ukweli wote. Chama kilichozaliwa kudai uhuru kilifanywa kuwa chama pekee kwa mujibu wa sheria mwaka 1965, na mwaka 1977 kiliungana na ASP ya Zanzibar kuunda CCM. Mlango ulifunguliwa tena mwaka 1992. Kabla ya hapo, tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi ikiwauliza wananchi maoni yao. Zaidi ya robo tatu ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Hata hivyo tume ilipendekeza vyama vingi, na serikali ikakubali. Ndugu zetu, jambo hili linafaa kutafakariwa. Haki ya mwananchi mmoja anayefikiri tofauti na majirani zake haingoji mpaka wawe wengi. Iwapo mna waumini watano tu katika kanisa lenu wasiokubaliana na wengine, hao watano ni watu kamili.

Mtoto wa pili alizaliwa hapa kwetu, na alizaliwa kwa uchungu. Mwezi Juni 1982 Bunge letu lilitia katika Katiba kifungu cha 2A, na KANU ikawa chama pekee kinachoruhusiwa na sheria. Mwaka 1988 tukapigishwa kura ya mlolongo. Sisi tuliosimama katika foleni zile twakumbuka jinsi mtu alivyosimama nyuma ya picha ya mgombea huku chifu akimtazama. Sehemu nyingi nchini, wenye foleni fupi walitangazwa washindi. Aliyelalamika aliambiwa kwamba macho yake ndiyo mabovu.

Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alihubiri akiuliza kama yaliyowapata watawala wa Ulaya ya Mashariki hayangeweza kuwafikia watawala wa Afrika. Tarehe 3 Mei, Kenneth Matiba na Charles Rubia, waliopata kuwa mawaziri, walijitokeza hadharani kudai vyama vingi. Wakaitisha mkutano katika uwanja wa Kamukunji, Nairobi, Jumamosi tarehe 7 Julai. Serikali ilikataa kutoa leseni. Tarehe 4 Julai wote wawili walikamatwa, na Raila Odinga naye alitiwa kizuizini siku hizo hizo bila kufikishwa mahakamani. Watawala walidhani kwamba mkutano usio na wasemaji hauwezi kufanyika.

Wananchi walikwenda Kamukunji. Hawakuwa na jukwaa wala kipaza sauti. Waliwakuta askari wenye marungu, mabomu ya kutoa machozi na risasi. Ghasia zilidumu kwa siku kadhaa, zikaenea hadi Nakuru na miji ya Mkoa wa Kati. Watu wasiopungua 20 walipoteza maisha, na zaidi ya 1,000 walikamatwa.

Hapa Mtito Andei habari zilitufikia kwa njia ya mabasi. Redio ya taifa ilisema kwamba wahuni wachache wametawanywa. Abiria walioshuka kunywa chai walitueleza mengine kwa sauti ya chini, wakitazama nyuma yao. Jioni tulijifungia na kuisikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, sauti ikiwa imepunguzwa hadi tukalazimika kuegemeza masikio. Vijana, kumbukeni jambo hilo mnaposikia watu wakisema kwamba zamani kulikuwa na amani. Ule ulikuwa ukimya, nao si sawa na amani.

Matunda yalionekana polepole. Mwezi Desemba 1990 KANU iliacha mlolongo. Mwezi Desemba 1991 kifungu cha 2A kiliondolewa, na tarehe 29 Desemba 1992 tukapiga kura ya vyama vingi. Gharama nayo ilionekana. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini mwaka 1991, na hakurudi kamwe kuwa na afya aliyokuwa nayo. Alifariki mwaka 2018. Rubia alimfuata mwaka 2019, na Raila mwaka 2025. Hao twawajua kwa majina. Wale waliouawa barabarani wangapi kati yetu twaweza kuwataja?

Mtoto wa tatu yatuhusu sisi watu wa kanisa moja kwa moja. Mwaka 1997 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na wapenda mageuzi waliokusanyika chini ya NCEC walidai sheria mbovu zibadilishwe kabla ya kura kupigwa. Wakaitisha mikutano nchini kote Jumatatu tarehe 7 Julai. Mjini Nairobi watu walikimbilia kanisa kuu la All Saints, na polisi wakawafuata humo humo. Mabomu ya kutoa machozi yalirushwa ndani ya nyumba ya ibada. Mchungaji Njoya, yule yule aliyehubiri mwaka 1990, alipigwa marungu hadi damu ikamtoka. Watu kadhaa waliuawa siku hiyo nchini.

Baada ya fedheha hiyo serikali haikuweza kunyamaza. Wabunge wa vyama mbalimbali waliketi pamoja katika kundi lililojulikana kama IPPG, na kabla ya mwaka kwisha sheria kadhaa zilirekebishwa. Mkutano wa hadhara haukuhitaji tena leseni ya mkuu wa wilaya. Ilitosha kuwapa polisi taarifa. Mamlaka ya machifu yalipunguzwa. Wapo miongoni mwenu ambao hawajapata kuomba leseni ili wakutane. Sisi tuliiomba, tukanyimwa, tukarudi nyumbani. Mwaka huo huo Wakenya waliona wanawake wawili, Charity Ngilu wa Kitui na Wangari Maathai, wakigombea urais.

Yaliyobaki mwayajua. Tarehe 27 Agosti 2010 Katiba mpya ilitangazwa, na kifungu chake cha 37 champa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko, kwa amani na bila silaha. Kilichokatazwa Kamukunji mwaka 1990 sasa kimeandikwa katika sheria kuu.

Hata hivyo tarehe hii haijapumzika. Jumapili tarehe 7 Julai 2024, vijana walikusanyika Uhuru Park kwa nyimbo na maombolezo ya wenzao waliouawa mwezi Juni katika maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Mwaka uliofuata, Jumatatu tarehe 7 Julai 2025, barabara za kuingia Nairobi zilifungwa na polisi, na kabla ya hesabu kukamilika Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu iliripoti vifo vya watu zaidi ya 30. Miaka 35 baada ya Kamukunji, na miaka 15 baada ya Katiba mpya, mama Mkenya alikuwa bado anamtafuta mwanawe katika vyumba vya kuhifadhia maiti.

Sasa tulifikie swali lenu.

Katika kamati tumesikia maneno ya namna mbili. Wako wazee wasemao: tarehe hii ina damu, iacheni ipite, tukeshe tukiomba kisha twende shambani. Na wako vijana wasemao: kesho tuifunge barabara ya Mombasa, ndipo Nairobi itakapotusikia. Hatutaficha kwamba sisi wenyewe tulijadiliana hadi usiku, na hatukuanza tukiwa na nia moja.

Wazee wetu, kwa heshima zote, sala isiyomtaja aliyeuawa ina upungufu. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki, mwana wa Mwala hapa Ukambani, aliposimamia Jimbo la Nakuru wakati wa mapigano ya kikabila ya miaka ya 1990, aliomba, na pia alisema hadharani alichokiona. Hatukusikia kwamba sala zake zilipungua nguvu kwa sababu hiyo.

Nanyi vijana, hasira yenu ni ya haki, nasi hatuna mamlaka ya kuizima. Lakini mji huu unaishi kwa barabara ile. Anayepita hapo ni mama mjamzito anayepelekwa hospitalini, ni dereva wa lori ambaye hajalala, ni mchuuzi wa maembe asiye na akiba ya siku mbili. Tukiwafungia hao, hatutakuwa tumewafungia watawala. Na jiwe moja likirushwa, wenye bunduki watapata sababu waliyokuwa wakiitafuta, kisha habari ya kesho kutwa itakuwa jiwe letu badala ya risasi yao.

Mkitaka mfano, msiutafute mbali. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa nguvu, ikisema kwamba mifugo imezidi. Mwezi Julai mwaka huo, pia Julai, wanaume, wanawake na watoto walitoka Machakos wakaenda Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Walikaa huko kwa majuma kadhaa, wakidai kumwona Gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kuhamishiwa Lamu. Lakini watu hawakutawanyika kwa fujo, na hatimaye serikali iliacha kuuza ng'ombe wao kwa lazima. Barabara moja katikati ya Nairobi ina jina lake leo. Babu zetu waliketi chini, wakakataa kuondoka. Hiyo ni nguvu, si woga.

Kwa hiyo kamati imekubaliana, nasi twaleta mbele yenu mambo matatu.

La kwanza, kesho asubuhi tutakusanyika hapa kanisani, kisha tutatembea kando ya barabara hadi uwanjani, tukiwa na mabango na bila silaha ya aina yoyote. Taarifa kwa polisi imekwisha kupelekwa kwa maandishi, na nakala iliyopigwa muhuri iko mikononi mwetu. Hatukuomba ruhusa, kwa kuwa haihitajiki. Tumewaarifu.

La pili, tutafungua daftari. Kila familia yenye mtu aliyeuawa, aliyeumizwa au aliyefungwa kwa ajili ya kudai haki, tangu miaka ya mlolongo hadi sasa, ije imwandikishe: jina, kijiji, siku na yaliyompata. Daftari litasomwa kila Saba Saba katika ibada. Hatutaki tarehe hii ibaki na majina ya wakubwa peke yao.

La tatu, yeyote aliyefikisha umri wa miaka 18 na hajajiandikisha kupiga kura atasaidiwa na vijana wa kamati, iwe ana chama au hana, na hataulizwa atampigia nani. Damu ya mwaka 1990 ilimwagika ili foleni yetu iwe ndefu na kura yetu iwe ya siri. Kuiacha bila kuitumia ni kuwarudisha wale waliotuhesabu kwa macho yao.

Tumeona kwamba vyama vilivyozaliwa katika tarehe hii, au vilivyonufaika nayo, baadhi vilikuja kuwa vile vile walivyovipinga. Kwa hiyo chama chochote kisije hapa kesho kikidai kwamba Saba Saba ni yake. Bendera za vyama ziachwe nyumbani. Mlete bendera ya taifa, mlete maji ya kunywa, na wale wenye jamaa waliopotea walete picha zao.

Na iwapo usiku huu mama mmoja miongoni mwetu atajifungua, tutafurahi, na atamwita mwanawe jina apendalo. Tutakaloombea ni kwamba mtoto huyo atakapokua, aisikie Saba Saba ikitajwa, aulize maana yake, na tuwe na la kumwambia bila kuinamisha vichwa.

Mungu awabariki. Tuonane saa mbili asubuhi.