Mzee Anaposahau: Kazi ya Usafi Ndani ya Ubongo

Leo tunazungumza nawe mama, na wewe mlezi, ambaye nyumbani kwako kuna mzee aliyeanza kusahau. Hatusemi juu ya kusahau mahali miwani ilipowekwa, kisha mtu akakumbuka baadaye. Tunasema juu ya mzee anayeuliza swali lile lile mara tano kabla chai haijapoa, anayepotea njia ya kanisani au msikitini aliyoizoea miaka yote, au anayelalamika kwamba hajapewa chakula ilhali amekula sasa hivi.

Majirani huwa na maelezo yao. Wengine husema ni uzee tu. Wengine husema ni laana, au ni uchawi. Maneno hayo si ya mzaha. Mnamo Oktoba 2021, huko Kisii, akina mama wanne wazee waliuawa na umati wa watu kwa kushukiwa uchawi. Kilifi pia wazee wamepoteza maisha kwa shutuma kama hizo. Mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, akikutwa usiku katika boma la wengine na asiweze kueleza alikotoka, yumo hatarini. Ndiyo maana inafaa sote tujue ni nini hasa kinachotendeka ndani ya kichwa chake.

Ubongo umeundwa kwa seli, yaani chembe hai ndogo mno zisizoonekana kwa macho. Kila seli hutengeneza protini zake mchana na usiku, na protini hizo ndizo zinazofanya kazi za seli. Ili protini ifae, ni lazima ikunjwe ipate umbo lake sawasawa. Ikikunjwa vibaya, au ikichakaa, huwa ni taka.

Mama, wewe wajua nyumba isipofagiwa huwaje. Seli nayo hufagia, na ina njia mbili kubwa. Njia ya kwanza ni hii: protini mbovu hutiwa alama, kisha hupelekwa kwenye kinu kidogo ndani ya seli, ikakatwakatwa. Wanasayansi watatu, Aaron Ciechanover na Avram Hershko wa Israeli, pamoja na Irwin Rose wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka wa 2004 kwa kugundua kazi ya alama hiyo.

Njia ya pili ni ya taka kubwa. Seli huifunga taka ndani ya kifuko, na kifuko hicho huungana na kingine chenye maji makali yanayoiyeyusha. Kinachobaki hutumiwa tena, kama vile wewe unavyotumia mabaki ya jikoni kuwa mbolea ya sukuma wiki. Mwanasayansi wa Japani, Yoshinori Ohsumi, aliichunguza njia hii kwa kutazama seli za hamira, jamii ya hamira ile ile unayotia kwenye unga. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2016.

Huenda ukauliza, hamira na mzee wangu wapi na wapi? Sikiliza. Seli za ngozi hufa na nyingine zikachukua nafasi yake. Seli nyingi za ubongo sivyo. Zile ulizozaliwa nazo ndizo unazozeeka nazo, kwa hiyo taka isipoondolewa leo, kesho ingali pale. Mwaka wa 2006, makundi mawili ya watafiti wa Japani yalifunga ile njia ya pili katika seli za ubongo wa panya. Panya hao hawakupewa sumu wala kuambukizwa ugonjwa wowote. Hata hivyo protini zililundikana ndani ya seli zao, seli zikafa, na mwendo wao ukaharibika. Usafi ulikuwa umesimama, basi.

Kwa binadamu, malundo haya yalionekana zamani. Mwaka wa 1906 daktari wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza aliyoyakuta katika ubongo wa mwanamke mmoja aliyefariki akiwa na miaka 55, baada ya kupoteza kumbukumbu. Aliona mabonge nje ya seli, na nyuzi zilizosokotana ndani ya seli. Leo twajua kwamba mabonge yale ni ya protini iitwayo amiloidi, na nyuzi zile ni za protini iitwayo tau. Katika ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa viungo, hulundikana protini nyingine. Watafiti bado wanachunguza ni kwa nini usafi hudhoofika, na ni lundo lipi linaloanza kuumiza seli.

Je, dawa iko? Nchini Marekani dawa mbili za kuondoa amiloidi, lecanemab na donanemab, ziliidhinishwa kikamilifu mwaka wa 2023 na 2024. Hizo hupunguza kasi ya ugonjwa kwa kiasi kidogo, kwa watu walio katika hatua za mwanzo tu. Hazirudishi kumbukumbu iliyopotea, na zaweza kuleta uvimbe au kuvuja damu ubongoni, kwa hiyo mgonjwa hupigwa picha za ubongo mara kwa mara. Dawa za kuamsha usafi wa seli yenyewe zingali katika majaribio.

Kwa hivyo, jihadhari. Akija mtu mlangoni na chupa akikuambia ni dawa ya kusafisha ubongo, usimpe pesa zako. Pia wako wanaosema kufunga kula husafisha seli na kuponya kusahau. Ni kweli kwamba kwa wanyama njaa huamsha usafi huo, lakini haijathibitishwa kwamba humponya mtu mwenye ugonjwa huu. Usimnyime mzee chakula. Wengi wao tayari wanakonda kwa kusahau kula.

Sasa, la kufanya ni lipi? Kwanza, mpeleke mzee hospitalini akapimwe. Baadhi ya kusahau hutokana na mambo yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, maambukizi, huzuni kubwa, au dawa anazomeza. Beba dawa zake zote daktari azione.

Pili, linda ubongo wako na wa jamaa yako mapema. Ripoti ya wataalamu katika jarida la Lancet ya mwaka wa 2024 ilisema kwamba karibu visa 45 kati ya kila 100 vya ugonjwa wa kusahau vingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Pima presha na sukari, na umeze dawa ulizoandikiwa. Acha sigara, punguza pombe, tembea kwa miguu. Masikio yakianza kuwa mazito, tafuta msaada. Usimwache mzee akae peke yake siku nzima.

Tatu, usibishane naye. Akimwulizia mama yake aliyefariki, mwambie, "Nieleze habari zake." Tia nambari yako ya simu mfukoni mwake. Waeleze majirani na mzee wa kijiji waziwazi kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, ili wakimkuta njiani wamrudishe nyumbani.

Na wewe mlezi, pumzika. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu walio mbali huona kazi yako ni nyepesi. Waite, mgawane zamu na gharama.

Mpenzi msikilizaji, mzee wako hakulogwa wala hafanyi ukaidi. Seli zake zimelemewa na kazi iliyokuwa ikifanyika kimya kimya maisha yake yote. Mtendee kama mgonjwa, kwa sababu ni mgonjwa.