Kuamka kwa Chembe za Kinga na Riziki ya Virusi vya Ukimwi



Imezoeleka kunenwa, hata katika mabaraza ya waliosoma, kwamba virusi vya Ukimwi huiua kinga ya mwili. Na kauli hiyo, ijapokuwa si ya uongo, hulisitiri lile lililo la ajabu zaidi, kwamba kabla ya kuiua huitaka iwe hai, tena yenye kuhangaika, maana havina riziki ya kutosha ila ndani ya chembe iliyokwisha kuamka.

Chembe nyeupe ziitwazo CD4, ambazo ndizo ziamrishazo nyinginezo, nyingi hukaa zimetulia katika damu na matezi pasi na kugawanyika, hata zionyeshwe kipande cha adui. Hapo huvimba, hujigawa na kuzaana kwa maelfu. Kirusi kiingiapo katika chembe iliyotulia hukuta kama kiwanda cha hapa Thika siku ya sikukuu, mashine zimezimwa na ghala tupu. Kwa kuwa asili yake imeandikwa kwa RNA, hakina budi kuinakili kwa DNA kabla ya kuipachika katika jeni za chembe; na humo imo protini, SAMHD1, izivunjayo malighafi za DNA, hata kazi ikakwama njiani. Chembe ikiamka, ghala hujaa. Na protini NF-kappa B, iliyokusudiwa kuwasha jeni za kujihami, huwasha na za kirusi.

Ushahidi tunao karibu. Pumwani, Nairobi, ambako tangu miaka ya 1980 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, akiwamo marehemu Frank Plummer, walifuatilia afya ya wanawake wafanyao biashara ya ngono, walionekana wachache wasioambukizwa miaka nenda miaka rudi. Na mtafiti Keith Fowke na wenziwe walipozichunguza chembe zao walizikuta zimetulia kuliko za wengine. Utulivu huo si hirizi, kwani baadhi yao waliambukizwa baadaye; lakini kwangu mimi hii ni miongoni mwa hoja nzito zilizotoka katika nchi yetu.

Lakini si kila kirusi cha jamii hii hungoja chembe iamke. HTLV-1, retrovirusi ya binadamu (nayo huinakili RNA yake kwa DNA) iliyotangazwa mwaka 1980, haingoji: kwa protini yake Tax huiamsha chembe yenyewe, ikazaana hata pengine ikawa saratani.

Tukirudi kwa virusi vya Ukimwi, Thika nayo ina sehemu yake katika kuvizuia. Ilikuwa kimojawapo cha vituo 9 vya Kenya na Uganda katika utafiti wa vidonge vya kujikinga, Partners PrEP, uliofuatilia jozi 4,747 za wapenzi, mmoja ana virusi na mwenziwe hana. Na matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2012, yalionyesha kwamba tenofovir peke yake ilipunguza maambukizi kwa asilimia 67, na ikichanganywa na emtricitabine kwa asilimia 75. Vidonge hivyo haviilazi chembe. Huijaza malighafi bandia, na kirusi kikiitwaa, uzi wa DNA hukatika hapo hapo.

Lakini kwa aliyekwisha kuambukizwa ziko chembe chache ambazo, zikiisha kupachikwa DNA ya kirusi, hurudi usingizini, na dawa za kufubaza virusi haziwezi kuzing'oa. Mtu akiziacha dawa, kwa kawaida virusi hurejea katika muda wa wiki chache. Nawasihi basi, mtumiao dawa hizo za kufubaza virusi, msiziache kwa kuwa kipimo kimesema virusi havionekani.