JINA LETU NALO NI AKIBA

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya wanachama wote katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya kikundi, Nyakahanga, Karagwe)



Tulianza na sanduku moja lenye kufuli tatu na vitabu vya hisa. Leo sanduku hilo limezaa miradi. Wapo wanaosuka vikapu, wapo wa sabuni, na wapo wanaotengeneza kahawa ya kutafuna, ile ambayo wazee wetu humpokelea mgeni. Tunamshukuru Mungu. Lakini siku ya leo isiwe ya makofi tu. Lipo jambo la kusema waziwazi.

Kahawa yetu ilipoanza kupata wateja hadi Bukoba, tulikuta gulioni pakiti zenye jina letu na picha yetu ya jani la mgomba, ndani yake kahawa iliyoota ukungu. Mteja akinunua ile, lawama anatuletea sisi. Aliyefanya hivyo hatumtaji. Tunajiuliza tu: jina lile ni letu kweli? Kwa mazoea ni letu. Kwa karatasi, bado.

Wengi hudhani ukishasajili jina la biashara umemaliza. La hasha! Jina la biashara linamtambulisha mwenye shughuli. Linalolinda jina na picha iliyo juu ya pakiti ni alama ya biashara. Zote mbili zinasajiliwa BRELA, ila ni kazi mbili tofauti. Sheria ya alama ni ya mwaka 1986. Ukisajiliwa unalindwa miaka 7, halafu unahuisha kwa miaka 10, na tena 10. Kila daraja la bidhaa lina ombi lake: kahawa iko daraja la 30, sabuni daraja la 3. Ombi likikubaliwa linatangazwa, na mwenye pingamizi ana siku 60. Tena usajili wa Bara hauvuki kwenda Zanzibar. Wao wana sheria yao.

Ila jamani, tusidanganyane. Kahawa ya kutafuna yenyewe hatuwezi kuifungia ndani. Hataza hutolewa kwa uvumbuzi mpya, na hii tumeirithi. Ni ya Karagwe, ya Kyerwa, ya Kagera nzima. Kitakachokuwa chetu ni alama yetu. Na vile vipimo vyetu vya majani ya kuchemshia ni siri ya biashara: inalindwa na midomo yetu wenyewe.

Mambo haya si ya wakubwa tu. Mwaka 2005 Serikali ya Ethiopia iliomba kusajili Marekani majina ya kahawa zake za Sidamo, Harar na Yirgacheffe. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa huko kilipinga. Ethiopia haikurudi nyuma, na mwaka 2007 kampuni ya Starbucks ilitia saini makubaliano nayo kuhusu majina hayo. Kahawa ni ya mkulima, basi na jina lake lisimwache nyuma.

Wapo wenzetu wanaosema ada ya usajili ni bora ikopeshwe. Hoja hiyo tunaiheshimu, maana fedha za sanduku ni jasho. Lakini mkopo unarudishwa na mauzo, na mauzo yanaletwa na mteja anayeliamini jina. Jina likichafuliwa, mkopo utalipwa na nini?

Kwa hiyo tunapendekeza:

1. Kabla ya kugawana mwaka huu, tutenge fedha za kusajili alama moja, ya kahawa. Sabuni ifuate.

2. Alama iandikwe kwa jina la kikundi, si la mtu mmoja, ili mwenzetu akihama au akifariki pasitokee ugomvi.

3. Kila pakiti iandikwe tarehe na aliyeitengeneza. Alama juu ya kahawa mbovu ni aibu iliyosajiliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwako tunaomba jambo moja: utuombee SIDO mkoa, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya wadogo kama sisi, waje Nyakahanga watufundishe ufungashaji na kutusaidia kujaza maombi.

Miaka 10 tumeweka akiba ya shilingi. Sasa tuweke na akiba ya jina.