Juu ya Sukari Inayochachusha Damu: Maneno Tuliyosema Mkutanoni



Leo hatuneni habari za mishahara. Tunataka kusema juu ya hatari moja ya ugonjwa wa sukari, ambayo huweza kumwua mtu mzima au mtoto kwa siku chache tu, na mara nyingi hudhaniwa malaria.

Mwili hauwezi kutumia sukari pasipo insulini. Ikikosekana, mwili huchoma mafuta yake wenyewe, na moshi wake, tukiruhusiwa kusema hivyo, ni asidi ziitwazo ketoni. Damu inachacha. Mgonjwa ana kiu isiyokwisha, anakojoa mara nyingi, anatapika, tumbo linamwuma. Anahema kwa nguvu kama aliyeshusha gunia sasa hivi, na pumzi yake hunuka matunda yaliyoiva mno. Mwishowe hupotewa na fahamu. Mtoto hupatwa hata kabla watu wa nyumbani hawajajua ana sukari: alikuwa ameacha kukojoa kitandani, sasa ameanza tena, na nguo zinamlegea.

Mgonjwa wa namna hii akifika zahanati, ombeni apimwe sukari kwa tone la damu ya kidole, hata kama malaria imeonekana. Magonjwa mawili huweza kukaa pamoja, na moja kuamsha jingine. Kisha apimwe ketoni.

Hospitalini hutangulia maji ya chumvi kwa mshipa, ndipo insulini. Daktari hupima potasiamu pia, maana insulini huishusha, na ikishuka mno moyo huweza kusimama. Mtoto hupewa maji kwa hesabu ya uzito wake, na insulini hungoja kama saa moja. Ubongo wake huweza kuvimba. Kwa hiyo msimhimize nesi afungulie maji yaende mbio.

Kosa kubwa ni la yule asemaye, "Sijala, basi sijidungi sindano." Sivyo hata kidogo! Ugonjwa mara nyingi huongeza haja ya insulini. Asiiache, apime sukari mara kwa mara, anywe maji, aulize kliniki kiasi cha dawa. Akitapika bila kukoma, aende hospitali saa ile ile.

Hapo ndipo nyapara anapoingia. Mtu huyo asiambiwe angoje mwisho wa zamu. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanya kazi aliyetimiza miezi miwili mfululizo siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili, na 7 kwa nusu, kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Wajumbe wetu wataomba pia insulini za wafanya kazi ziwekwe katika friji ya chumba cha huduma ya kwanza, zisikae mfukoni karibu na tanuru.