Kompresa ya Mitungi ya Wazamiaji Nyumbani: Umeme, Moshi na Upepo



Tarehe 29 Septemba 2019 gari lilitumbukia baharini kutoka feri ya MV Harambee kwenye kivuko cha Likoni, likiwa na mama na bintiye. Kwa siku 13 watu walisimama ufuoni wakiwatazama wazamiaji wakishuka na kupanda, hadi gari lilipotolewa tarehe 11 Oktoba kutoka kina cha mita 58 hivi. Kwenye kina hicho mzamiaji huvuta hewa iliyobanwa karibu mara 7 kuliko ya juu ya maji. Kasoro yoyote iliyoingia mtungini huongezeka nguvu kwa kiasi hicho hicho.

Mazungumzo ya leo yanahusu mahali mtungi kama ule unapojazwa. Wapo wanaoishi kwa kuzamia: wanaokamata samaki wa mapambo, wanaokagua sehemu ya chini ya vyombo, wanaotembeza wageni kwenye miamba. Mmoja wao akipata kompresa yake mwenyewe, swali lake la kwanza huwa: je, umeme wa nyumbani utaiweza?

Mtungi wa kawaida wa lita 12 hujazwa hadi bari 200. Gurudumu la gari dogo hubeba bari 2 hivi, kwa hiyo hapa kuna mara 100. Hewa inayoingia ni lita 2,400. Kompresa ndogo ya kubebeka husukuma lita 100 kwa dakika, basi kila mtungi huchukua dakika 24. Mota yake huwa ya kilowati 2.2, na mtungi mmoja hula yuniti moja ya tokeni na kidogo. Bei ya umeme, kwa hivyo, haimshindi mtu.

Kazi iko wakati wa kuwasha. Mota hiyo ikishashika mwendo huvuta ampea 13 au 14, ambazo tayari zinagusa au kupita uwezo wa plagi ya kawaida yenye fyuzi ya 13. Inapoanza kuzunguka huvuta mara 5 hadi 7 ya hapo kwa muda mfupi. Ndiyo maana taa za nyumba nzima hufifia, na waya wa ekstensheni uliokunjwa kama kamba ya ndoo hupata moto hadi ukayeyuka. Kompresa inahitaji waya wake pekee kutoka kwenye bodi ya umeme, wenye unene unaolingana na umbali, breka ya mota, waya wa ardhini ulio hai kweli, na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Karibu na bahari mguu huwa mbichi na chumvi hula vyuma. Hapo waya wa ardhini usifanyiwe mzaha. Kazi hii ni ya fundi mwenye leseni ya EPRA, na anayetaka mashine kubwa ya fezi tatu huanza kwa kuomba kwa Kenya Power.

Jambo jingine ambalo wengi hujifunza baada ya kuunguza mota: stima ikipotea katikati ya kujaza, halafu ikarudi ghafla, mashine hujaribu kuanza ikiwa imebeba mzigo wa hewa iliyobanwa. Swichi yake iwe ya aina inayokatika yenyewe na kungoja kubonyezwa tena. Kabla ya kuwasha, fungua vali za kutolea maji ili mota ianze bila mzigo.

Kwa sababu ya shida hizo wengine hununua kompresa ya injini ya petroli, au huendesha ile ya umeme kwa jenereta. Jenereta nayo inahitaji uwezo wa takriban mara tatu ya mota, kwa ajili ya ule mshtuko wa kuanza. Lakini hapa ndipo moshi unapoingia. Moshi wa petroli una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo damu huikamata kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kiwango cha Ulaya cha hewa ya kupumulia, EN 12021, kinaruhusu sehemu 5 tu kwa milioni. Mtungi wenye sehemu 20 pengine usimsumbue mtu akiuvuta barazani. Kwenye mita 30 utamdhuru kama wenye 80.

Mpira wa kuvutia hewa uwe mrefu, mdomo wake uwe juu na upande unakotoka upepo, na ekzosi iwe upande unakokwenda. Watu wa pwani wanajua kwamba upande huo haukai mahali pamoja. Mashine iliyopangwa vizuri wakati wa kusi hujivutia moshi wake yenyewe kaskazi ikiingia. Alfajiri umande hutoka bara, na mchana upepo hugeuka. Katika tangambili, upepo unapokufa kabisa, moshi hubaki ukizunguka uani. Siku hiyo injini ya petroli isiwashwe. Hata kompresa ya umeme huvuta kilichopo: jiko la makaa la jirani, takataka zinazochomwa, malori yanayonguruma Changamwe.

Isifungiwe stoo pia. Mashine ikipata joto kupita kiasi mafuta yake huungua na kutoa gesi ile ile, na vichujio hujaa maji mapema. Hewa ya nyuzi 20 hubeba hadi gramu 17 za maji kwa mita ya ujazo. Ya nyuzi 30 hubeba 30. Asubuhi ndiyo saa nzuri, ila si kabla ya saa kumi na mbili: kanuni za kelele za 2009 zinahesabu usiku kuanzia saa mbili hadi hapo, na nyumba zetu zinagusana kuta.

Kompresa ya fundi wa rangi au wa magurudumu isitumike kumpelekea mtu hewa majini kwa mpira. Haina vichujio vya pumzi, na mvuke wa mafuta huenda moja kwa moja mapafuni.

Anayejaza kwa malipo anafanya biashara: atahitaji leseni ya kaunti, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamhusu.

Mzamiaji akipanda na kichwa kinamgonga, kizunguzungu au kichefuchefu, apewe oksijeni na apelekwe hospitali mara moja. Mtungi wake ufungwe bila kumwagwa hewa, uende naye, na mingine iliyojazwa siku hiyo isiguswe hadi hewa yake ipimwe.